Habari za Ng'ombe Aliyekula Makwapa ya Shati

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye vigoda na enyi mnaoegemea ukuta. Wekeni chini mnachomenya, mzibeni mtoto mdomo kwa kipande cha mkate, kisha tegeni masikio, kwa maana zinakuja habari ambazo wafalme hawakuzipata na majemadari walikufa wakizitamani. Na kwa kuwa kila jambo kubwa la dunia hii hupita kwanza mdomoni mwa jirani, basi na hili lianzie huko huko.

Jirani mwenyewe ni fundi cherehani: jemadari wa sindano, bwana wa mkasi, mtu ambaye tangu azaliwe hajamaliza suruali siku aliyoahidi. Yeye anadai kwamba asubuhi ile alikuwa ameketi barazani pake, mtu wa amani, uzi mdomoni, mara ardhi ikatetemeka. Anadai kwamba ng'ombe wa nyumba ya pili, yule aitwaye Shangazi, alikata kamba nene kama mkono wa mtu mzima, akaruka uzio wa michongoma bila kuangusha hata jani, akamjia na macho mekundu kama makaa yaliyopulizwa. Anadai kwamba yeye alimkabili, mkasi mkono wa kulia, futi mkono wa kushoto, wakazungukana kando ya cherehani kama majogoo, mpaka vumbi likaficha jua. Na anadai kwamba mwishowe, kwa hila na si kwa nguvu, yule mnyama alimvua shati mwilini, vifungo vikaruka kama risasi, akalimeza lote, kisha akacheua mbele yake kwa dharau.

Ndivyo asemavyo fundi, na kila akisimulia, ile kamba huongezeka unene.

Lakini palikuwapo jicho jingine. Binti wa nyumba ile ya pili alikuwa amechutama upande wa huku wa uzio, anakata majani kwa mundu. Watu walimwita Kimya, kwa kuwa maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya kiangazi, ila macho yake hayakulala hata alipolala. Naye aliona hivi: fundi alikuwa amelitundika shati lake la jana juu ya michongoma lipigwe na upepo; naye Shangazi, akiwa zizini mwake, kamba shingoni, alinyoosha shingo, akalivuta polepole kama mtu anayechagua nguo dukani, akaanza kutafuna. Na fundi, alipogeuka na kuona, alipanda juu ya kigoda akapiga yowe lililowaamsha kuku waliokuwa tayari macho.

Basi baraza likaitishwa uani.

Baba akakaa kitini. Huyu ndiye Mwenye Nyumba, mpiga marufuku, mwenye sauti kama debe linaloburutwa juu ya kokoto. Alikuwa na amri kwa kila jambo, na kila jambo liliendelea kama lilivyokuwa. Fundi akasimama mbele yake, kifua wazi, ameyainua mabaki ya shati juu kama bendera ya jeshi lililoshindwa.

"Jirani, nitazame vizuri," akanena. "Nimekukosea nini mimi? Si mimi niliyekushonea suruali ya arusi ya mdogo wako?"

"Ililetwa arusi imekwisha," Mama akasema kutoka jikoni.

"Si nilikushonea lakini! Na leo ng'ombe wako ananivua nguo mbele ya wateja!"

"Wateja gani?" Mama akauliza. "Mimi nilimwona mmoja tu, na alikuja kudai kitambaa chake."

"Mama nanihii, niache nizungumze na mwanamume mwenzangu."

Baba akainua mkono, uani pakatulia. "Yamenifika hapa," akasema, akaonyesha shingo; kisha akaona haitoshi, akapandisha mkono mpaka puani. "Ng'ombe huyu amenitafunia mpini wa jembe. Amelamba ukuta wa choo mpaka udongo umebanduka. Juzi kanilamba mimi, mimi mwenyewe, nimeinama nafunga kiatu, mgongo mzima, kwa ulimi kama msasa! Maziwa hatoi. Manyoya yamesimama kama mtu aliyeona jini. Kazi yake kula mali za watu na kututazama. Mchinjaji akipita siku ya soko, aondoke naye. Nimesema."

Kuhusu huko kutazama, Baba hakukosea. Ng'ombe yule aliitwa Shangazi kwa sababu tangu ndama alimtazama kila mtu kana kwamba ni shangazi aliyefika bila taarifa akakuta nyumba haijafagiwa. Mama yake alikufa siku ya kumzaa, na aliyemnywesha maziwa kwa chupa, na chupa ilipovunjika akamnyonyesha kwa vidole vilivyochovywa, ni Kimya. Alilala naye zizini akiwa mchanga. Alimfundisha kula majani kwa kuyatafuna yeye kwanza. Hivyo lile neno "mchinjaji" lilipodondoka pale uani, wengine walisikia neno, bali Kimya alisikia kisu.

Akafungua mdomo. Watu wote wakageuka, maana lilikuwa jambo la nadra, kama jua kupatwa.

"Naomba hilo shati," akasema.

Fundi akampa kwa shingo upande. Kimya akalitandaza juu ya mkeka, akalisoma kama mganga asomaye bao. Kola haikuwepo. Makwapa yote mawili hayakuwepo. Pale mgongoni, katikati, palikuwa na dirisha. Lakini mfuko ulikuwa mzima, mikono mizima, na vifungo vyote vilikuwa mahali pake, vimekaa kimya kama mashahidi walioogopa kutajwa.

"Amekula makwapa," akasema.

"Kwani makwapa si shati?" fundi akafoka.

Kimya akainuka. Akaenda kulichukua lile jembe. Mpini ulikuwa umetafunwa pale mikono inaposhika, kwingine haukuguswa. Akauzunguka ukuta wa choo: palipolambwa ni ule upande wa nje, gizani, ambako wanaume wavivu humalizia haja ndogo bila kuingia ndani. Akakumbuka siku Baba alipolambwa mgongo. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka shambani, fulana imemgandia kwa jasho. Ndipo binti wa macho mengi akafanya tendo ambalo shujaa mwoga asingelithubutu: akafumba macho, akautoa ulimi, akalamba mpini wa jembe.

"We mtoto!" Mama akapiga kelele mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi. "Na wewe umeanza?"

"Una chumvi," Kimya akasema.

Hapa hadithi haina budi kurudi nyuma kidogo, mjue asili ya vita. Miezi iliyopita, daktari wa zahanati alimpima Baba akakuta presha yake imepanda. Akamwambia Mama, "Chumvi apunguze." Naye Mama hakuwa mtu wa kupunguza, alikuwa mtu wa kukomesha. Siku ile ile alilifunga kopo la chumvi kwa kitambaa, akalificha mahali anapopajua yeye na Mungu wake, na toka hapo chakula cha nyumba ile kikawa kama hotuba ya mgeni rasmi: kingi, kirefu, hakina ladha. Baba alikula akitazama ukuta.

Sasa, Shangazi alikuwa ng'ombe wa kufungwa. Majani aliletewa, malisho hakuyajua. Lakini kila jioni, tangu ndama, alipewa ndoo ya maji ya jikoni: maji yaliyochemshiwa viazi, maji yaliyosuuzia sufuria, vimabaki na ukoko, vyote vikiwa na chumvi ya nyumbani. Hakuna aliyewahi kusema "tunampa ng'ombe chumvi." Walisema "tunamwaga maji."

"Mama," Kimya akauliza, "maji ya viazi siku hizi unatia chumvi?"

"Chumvi gani? Unataka kumuua baba yako?"

Kimya akaketi juu ya jiwe la kunolea, akaona jambo lote limesimama mbele yake wazi kama mlima asubuhi. Daktari alimkataza mtu mmoja, nao waliofunga mfungo wakawa wawili.

Akamwomba Mama chumvi kidogo, ya kujaribu tu. Mama akamtazama kama mlinzi wa hazina anayeombwa ufunguo na mtu mwenye gunia. "Nimeificha mume wangu asiione, leo nimpe ng'ombe?" Lakini akaingia ndani, akakaa sana, sanduku likasikika likifunguliwa, akarudi akiwa ameficha ngumi, akamtilia Kimya punje chache kiganjani. Kimya akaenda zizini. Shangazi akanusa. Ule ulimi ukatoka, mrefu, wa kijivu, ukafagia kiganja chote. Chumvi ikaisha naye akaendelea. Akalamba vidole, akalamba kifundo cha mkono, akalamba kiwiko, macho yamefumba nusu, mpaka Kimya akahisi ngozi inataka kumwacha.

Usiku, wakati wa chakula, mbele ya sahani za mboga zisizo na ladha, akatoa hoja. "Baba, Shangazi hana kichaa. Anataka chumvi."

Baba akaweka tonge chini. "Chumvi!" akanguruma, na neno lenyewe likamtoa mate. "Ng'ombe akishapewa chumvi, kesho atauliza pilipili iko wapi. Keshokutwa atataka meza na kitambaa cha kufutia mdomo. Katika nyumba hii mimi, mwenye nyumba, nimenyimwa hata ya kuonja. Halafu apewe ng'ombe?"

"Ng'ombe hana presha," Mama akasema.

"Atakuwa nayo vipi, na mimi ndiye ninayeibeba ya nyumba nzima?"

Lakini hakusema hapana. Alisema, "Siku ya soko iko pale pale." Kwa mtu wa amri, hilo lilikuwa lango lililoachwa wazi kidogo, naye Kimya akapenya.

Kulipopambazuka akamkamata jogoo wake, mwenye mkia wa bendera, akambeba kwapani hadi duka la dawa za mifugo. Muuzaji alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akamsikiliza mpaka mwisho, akamtazama jogoo, jogoo akamtazama yeye, wakaelewana. Akainama chini ya meza akaibuka na jiwe la chumvi ya mifugo: la mraba, jekundu kama tofali, zito kama deni, lina tundu katikati.

"Ng'ombe wa kutembea hujitafutia," akasema. "Utamwona anachimba kichuguu, analamba udongo wenye magadi, anajua mwenyewe. Wa kufungwa anakutegemea wewe. Bila chumvi na madini hali vizuri, maziwa yanakauka, hata mimba hashiki. Anabaki kula nguo za watu. Litundike usawa wa pua yake, lisinyeshewe. Na maji yasikose, maana akilamba atakunywa kama lori."

Kimya akalitwika kichwani. Enyi mliowahi kubeba maji, kuni au mzigo wa mtu mwingine, ninyi ndio mjuao njia ile ilikuwaje! Jua lilimpiga usoni, jasho likamtiririka likachanganyika na vumbi la chumvi, likamwingia machoni, naye hakulitua. Mbuzi wa watu wakamfuata nyuma kama waumini. Alipofika zizini akalifunga kwa kamba, akalitundika usawa wa pua, akarudi hatua chache, akangoja.

Shangazi alilitazama kwanza kwa lile jicho lake la kukuta nyumba haijafagiwa. Akalinusa upande huu. Akalinusa upande ule. Kisha ulimi ukashuka, *kwarua*, na zizi zima likanyamaza, hata nzi. Akalamba kama mtu asomaye barua iliyochelewa mwaka mzima. Akanywa ndoo ya maji, akarudi kulamba, akashusha pumzi ndefu iliyopeperusha majani horini.

Laiti mambo yangaliishia hapo! Lakini hakuna ushindi usio na msaliti.

Siku iliyofuata Kimya alikuta jiwe limepandishwa juu. Kamba ilikuwa imefupishwa, fundo jipya, jiwe linaning'inia karibu na paa, na Shangazi chini yake amenyoosha shingo na ulimi kama mtu anayejaribu kuchuma nyota. Kimya akalishusha. Kesho yake akalikuta juu tena. Naam, na si hilo tu: upande mmoja wa jiwe ulikuwa umekatwa wima, laini, una pembe. Akaligeuza mkononi. Mahali alipolamba Shangazi palikuwa na bonde, kama sahani. Lakini pale palikuwa na kona kali.

Ulimi hauna kona. Kisu kinayo.

Shaka yake ikaruka kwa fundi cherehani. Nani mwingine ana vyuma vikali na kisasi kibichi? Siku ya soko ilikuwa kesho. Shangazi alikuwa ameanza kutafuna hata kamba yake. Kama hakupona, Baba angepata la kusema, na mchinjaji angepata la kubeba.

Basi Kimya akapiga moyo konde, akaweka mtego. Mchana wa jua la utosini, wakati nyumba nzima hulala na hata jogoo wa majirani huwika kwa kunong'ona, akaingia ndani ya hori, akajilaza chali, akajifunika majani mabichi mpaka yakabaki macho tu. Mashujaa wa kale walijificha katika mapango na misitu. Lakini hakuna hata mmoja aliyejificha ndani ya chakula cha ng'ombe, naye ng'ombe yupo. Shangazi akaanza kula ngome. Akala ya miguuni, akala ya tumboni. Akaufikia uso, wenye jasho, akaulamba toka kidevuni hadi kwenye nywele. Kimya akauma meno. Akalambwa tena. Akavumilia, kwa ajili ya huyo huyo anayemlamba.

Mara mlango wa zizi ukalia kidogo.

Mtu akaingia kwa ncha za vidole, viatu amevishika mkononi. Hakuwa fundi. Alikuwa Baba. Baba, Mwenye Nyumba, mpiga marufuku! Katika mkono mwingine alishika kisu kidogo cha kumenyea, na kutoka mfukoni mwa kaptula akatoa kiazi cha kuchoma, bado kinatoa moshi. Akalishusha jiwe kwa taratibu ya mtu aliyezoea. Akapangusa, akapuliza, akakwangua. Unga mwekundu ukamwagikia kiazi. Akauma. Akafumba macho. Mabega yake, yaliyokaa juu tangu siku ya zahanati, yakashuka.

Shangazi akalia, *mmh*, kwa sauti ya chini.

"Tuvumiliane, Shangazi," Baba akamnong'oneza, mdomo umejaa. "Najua unaitaka. Mimi sikuijua dunia ilikuwa na nini mpaka waliponinyang'anya. Lakini lazima nilipandishe juu, maana wewe una mate."

Pale horini jani moja likamwingia Kimya puani.

Akapiga chafya.

Majani yakafumuka, na katikati yake akainuka binti wa kimya, nywele zimesimama kwa mate ya ng'ombe, nyasi zinamning'inia masikioni, wa kutisha kama mzimu wa malisho. Kiazi kikamtoka Baba mkononi. Shangazi, ambaye hakuwa na upande katika vita ile, akakiokota na kukila, chumvi yake na yote.

"Nilikuwa nakagua," Baba akasema.

"Kwa kisu, Baba?"

"Kisu cha kukagulia."

Wakatazamana. Kisha Kimya akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima, na sauti yake haikupanda, nayo ilikuwa mbaya zaidi kwa kutopanda. "Baba, wewe umenyimwa chumvi ili upone. Yeye kanyimwa akaugua. Sasa unakula dawa yake, kwako inageuka ugonjwa, kwake inakuwa haipo. Kesho unamuuza kwa kosa la kutopona. Mimi nilimlea huyu kwa vidole vyangu. Ukimtoa, mtoe kwa kosa alilofanya. Hili la chumvi si lake."

Baba akatafuna kilichobaki mdomoni, akameza. "Maneno yote haya," akasema mwishowe, taratibu, "ulikuwa unayaweka wapi?"

Ndipo, kutoka nyumbani, ikavuma ile sauti ambayo hata daktari wa zahanati aliiogopa. "Baba yake! Uko wapi? Mbona kuna kiazi kimepungua hapa?"

Rangi ikamtoka Mwenye Nyumba. Akatazama mlango, njia ilikuwa moja, na nyayo za Mama zilikuwa ndani yake. Akatazama kisu mkononi. Akatazama unga mwekundu shatini. Akamtazama binti yake, na macho yale hayakuwa tena ya mtoa amri.

Kimya akamchukulia kile kisu, akampa kamba. Akamfuta masharubu kwa ncha ya nguo yake. "Yuko huku, Mama!" akaita. "Ananisaidia kulitundika jiwe la Shangazi."

Mama akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akitazama huyu na yule. Na mbele ya macho yake, bila njia ya kurudi nyuma, Baba akalitundika lile jiwe kwa mikono yake mwenyewe. Akalitundika juu. Kimya akakohoa. Akalishusha kidogo. Kimya akakohoa tena. Akalishusha mpaka usawa wa pua ya ng'ombe, akakaza fundo, na Shangazi hakungoja amalize. Akalamba jiwe, na kwa kuwa mkono wa Baba ulikuwa hapo hapo, akaulamba nao.

"Hapo ndipo mahali pake," Mama akasema kwa mshangao. "Na wewe unajua mambo ya chumvi ya ng'ombe?"

"Ninayajua kidogo," Baba akajibu.

Kesho yake mchinjaji akafika na kamba begani, mtu mpana, mpole, mwenye kisu kisichosamehe. Baba akamlaki langoni, akasimama katikati ya njia kama boriti.

"Nimekuja kumchukua yule wa kula nguo," mchinjaji akasema.

"Hali nguo," Baba akasema. "Alikuwa na upungufu. Ng'ombe wa kufungwa, ndugu yangu, hawezi kujitafutia. Anategemea mkono wa mtu. Pasipo chumvi na madini maziwa hukauka. Ninyi watu wa visu hamyajui haya. Jiwe linatundikwa usawa wa pua! Na lisinyeshewe!"

"Lakini mzee, si wewe uliyeniita?"

"Aliyekuita ni mimi wa juzi."

Mchinjaji akafikiri, akaona hakuna kisu kinachokata jibu kama hilo, akakunja kamba yake akaenda zake.

Basi iandikwe na isimuliwe, wajao wapate kujua! Iandikwe kwamba baada ya hapo jiwe lilikaa usawa wa pua na halikupanda tena. Kwamba manyoya yaliyosimama yalilala, yakang'aa kama kiatu cha mgeni wa arusi. Kwamba michongoma ilitundikwa mashati, soksi, hata suruali za wateja zilizochelewa, na hakuna kwapa lililoguswa. Kwamba maziwa yalirudi, kwanza kwa aibu, matone, kisha kikombe, kisha ndoo ikaanza kuimba, na Mama akasimama mlangoni pa zizi kuusikiliza wimbo huo akasahau jiko. Miji imetekwa bila faida kubwa namna hii! Falme zimeanguka kwa kishindo kidogo kuliko cha tone lile la kwanza katika ndoo tupu! Nao walioona wakasema huyu ndiye Kimya, aliyelamba jembe akaokoa ukoo wa pembe. Na wasioona wakadai waliona.

Na katika siku hizo za amani, jioni moja, Kimya alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa Shangazi, paji la uso limeegemea tumbo lile lenye joto, anakamua. Baba akaingia zizini. Alikuwa amevaa viatu. Akasimama nyuma yake, akalitazama jiwe, ambalo sasa lilikuwa jembamba, limelambwa mabonde pande zote.

"Mwanangu."

"Abee, Baba."

"Jiwe limekuwa dogo."

"Ndiyo, Baba. Nitaleta jingine."

"Lete, lete. Ng'ombe asikose." Akakohoa. Akasogea karibu kidogo, akatazama nyuma mlangoni, akashusha sauti. "Nilikuwa nafikiri tu. Kile kipande cha mwisho mwisho, kikishakuwa kama hivi," akaonyesha ncha ya kidole, "ulimi wake si hauwezi hata kukishika? Si kitaanguka tu kwenye samadi, kipotee bure?"

Maziwa yakaendelea kuanguka ndooni, *chwaa, chwaa*.

"Ningekihifadhi mimi," Baba akasema. "Kidogo tu, mwanangu. Cha kuonja."

Shangazi akageuza shingo, akamtazama. Kimya akahamia chuchu za upande wa pili.